Uzi Uliopita Kwenye Kinu

Vijana wangu wa ofisini, siku mliponiaga mlinikatia kipande cha keki kikubwa kuliko uwezo wa meno yangu, na nikiwa bado natafuna, mmoja wenu akaniuliza mbele ya watu wote: zamani, kabla ya hizi mashine za kuhesabu, mlijuaje maoni ya watu yanavyokwenda? Nilitikisa kichwa tu, mdomo ulikuwa na kazi. Sasa nimerudi kwetu Kihesa, nina kiti kizuri na hakuna anayenidai ripoti, kwa hiyo nitajibu.

Sitawaeleza nilipanda cheo lini wala nililipwa nini. Vyeo vile vilishafutwa na mishahara ile tulishaila. Nitawaeleza jinsi nilivyoanza, na kijiji kimoja ambacho sitakitaja jina kwa sababu wenyewe wapo na wanasoma.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Nilikuwa nimemaliza shule ya kati Iringa, nikafundisha kidogo watoto wa darasa la kwanza, wakanishinda. Nikasikia kwamba Mbeya kuna Mzungu mtafiti anayetaka kijana mwenye mwandiko unaosomeka na anayeweza kuhesabu bila kutumia vidole. Nikapanda basi. Nilifika nimejaa vumbi la Makambako mpaka kwenye kope, nikajipangusa kwa fulana ya ndani, nikabisha hodi.

Ndani nilimkuta mwanamume mrefu amekaa sakafuni, miguu ameikunja, katikati ya vikombe vya bati vilivyoenea chumba kizima. Vikombe vilifungwa nyuzi, kimoja kwa kingine, na kila kimoja kilikuwa na maharage ndani, mekundu na meupe. Nikajua nimepotea njia, nimeingia jikoni. Nilipopiga hatua moja akainua mkono, akasema kwa Kiswahili cha kitabuni, "Tafadhali, usimkanyage mchungaji." Nikatazama chini. Karibu na kiatu changu palikuwa na kikombe.

Huyo ndiye Bwana Helge. Watu walimwita Bwana Vikombe, naye alilijua jina hilo na alilipenda. Vikombe vyenyewe alivinunua kidogo kidogo kwenye mnada wa Mbalizi, mpaka wauzaji wakaamini kwamba anafungua hoteli.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi, na nyie mnaotumia mashine mtaona kwamba hamkuvumbua jipya. Kila kikombe ni mtu. Kuna jambo ambalo watu wanabishania. Maharage mekundu ni kulikataa, meupe ni kulikubali. Mtu aliyekataa kabisa kikombe chake ni chekundu tupu, na mwenye mashaka ana mchanganyiko. Uzi maana yake watu hawa wawili wanazungumza. Halafu tunacheza mizunguko. Kila mzunguko unatazama vikombe vilivyofungwa na chako: kama wenzako wamezidi wekundu, unatoa harage moja jeupe unatia jekundu. Ukicheza muda mrefu, na nyuzi zikiwa zimeunganisha kijiji kizima, vikombe vyote huishia kufanana.

Lakini Bwana Helge alikuwa na sheria ya pili, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikimkosesha usingizi. Mtu akishakuwa mbali mno na wewe, humsikilizi tena, unakata uzi. Ukiiongeza sheria hiyo, mchezo unageuka. Vikombe vinajigawa makundi mawili, na kila kundi linazidi kukolea, kwa sababu kila mmoja anasikia sauti yake mwenyewe ikirudishwa na jirani. Mara ya kwanza kuliona hilo likitokea pale sakafuni, bila mtu kumdanganya mtu, bila mtu mbaya hata mmoja, nilihisi baridi. Nikamwuliza Bwana Helge kama kuna dawa. Akasema hajui, ndiyo maana ameniajiri.

Aliyenifundisha kazi hasa ni Mzee Lugano, mkalimani wetu, Mnyakyusa mwenye koti moja la sufu alilolivaa jua na mvua. Siku ya kwanza kutoka naye niliwasalimia watu "kamwene" kama nyumbani, akaniambia taratibu kwamba huku si Iringa na kwamba nikiendelea hivyo watadhani nimekuja kuuza nguo. Alinifundisha "ugonile," na alinifundisha zaidi ya hilo. Usitoe kalamu kabla hujakaa. Usikatae ulichoandaliwa hata kama umeshiba. Na usimwulize mtu rafiki zake ni nani, kwa sababu atakutajia watu wa heshima tu. Mwulize jana alicheka na nani. Ninyi mmeyaandika haya kwenye miongozo yenu kwa maneno marefu, lakini yalitoka kwa Mzee Lugano, barabarani, akitafuna muwa.

Basi tukatumwa kwenye kile kijiji. Kiko mlimani, kwenye migomba na kahawa, mwendo wa asubuhi nzima kutoka Mbeya, na kijito kinakikata katikati. Watu wa juu ya kijito na watu wa chini walikuwa ndugu, wameoana tangu zamani. Kisha ukaja mpango wa kupitisha barabara ili lori lifike kuchukua kahawa. Vikapigwa vigingi, na vigingi vikapita kwenye migomba ya watu wa juu.

Juu wakaambiana kwamba vile si vigingi vya barabara, ni mipaka ya shamba la mlowezi. Chini wakaambiana kwamba watu wa juu wamepatana na kijiji jirani ili barabara ihamie huko, na kahawa ya chini iozee mitini. Hakuna aliyevuka gogo lililokuwa daraja la kijito kwenda kuuliza. Kila upande ulikuwa na chungu chake cha pombe ya ulezi. Wazee wanakizunguka, kila mmoja na mrija wake, wananyonya na kuzungumza mpaka jua linashuka. Zamani mtu alinyonya chungu chochote. Sasa mrija wa mtu wa chini haukuonekana juu. Mzee Lugano alikaa kwenye vyungu vyote viwili kwa ajili ya kazi, na alirudi akisema kwamba pombe ni ile ile ila kila upande unaapa ya wenzao ina sumu.

Jambo lililotuuma ni hili. Mama mmoja wa upande wa chini alifariki, na watu wa juu, wengine wajomba zake kabisa, walikaa matanga kwao juu, ng'ambo ya kijito. Msiba mmoja, vilio viwili. Mtu anayeijua nchi ile, anayejua jinsi Wanyakyusa wanavyojaa kwenye msiba, ataelewa kwa nini Mzee Lugano siku ile hakula.

Upande wa juu aliishi Mzee Asegelile, mjane, pamoja na mwanawe mkubwa, Ambokile, aliyekuwa msemaji mkali kuliko wote wa kuikataa barabara. Mwanawe wa pili, Lwitiko, alikuwa amejenga chini kwenye kahawa yake, naye aliitaka barabara. Tangu vigingi vipigwe, ndugu hawa hawakuwa wameonana uso kwa uso. Nilipomwuliza mzee maswali yangu, alijibu yote kwa upole, akinitazama sana, halafu akaniambia jambo ambalo sikuwa nimeuliza.

"Kijana, mimi kifua changu kimechoka. Barabara ije, isije, nitakuwa chini ya mgomba. Ninachotaka ni kimoja tu. Msiba wangu usiwe miwili."

Nilimpenda mzee yule. Baba yangu mwenyewe nilimzika nikiwa mdogo, na huyu alikuwa na namna ya kukusikiliza inayokufanya ukae vizuri. Alikuwa na masikio makubwa yaliyosimama, na kabla hajacheka alikuwa akifumba jicho moja, la kushoto, kama anayepima kama kichekesho kinafaa.

Tulirudi Mbeya na majibu, tukafunga nyuzi, tukatia maharage. Kijiji kikatokea pale sakafuni: juu kwekundu, chini kweupe, na katikati hakuna uzi hata mmoja. Bwana Helge alifurahi kama mtu aliyeona picha ya nyumbani kwao. Kisha akaacha kufurahi. Kikombe cha Mzee Asegelile kilikuwa na mchanganyiko, nusu kwa nusu. Alikuwa ametuambia wazi kwamba watu wa chini nao wana haki yao, na alizijua sababu zao moja baada ya nyingine, mpaka ile ya mke wa fulani aliyebeba kahawa kichwani akiwa mjamzito. Lakini nyuzi zake zote zilikwenda kwenye vikombe vyekundu tupu. Tulicheza mizunguko, na kila tukicheza anakuwa mwekundu, wakati mzee halisi kule mlimani hakuwa mwekundu. Bwana Helge akasema ama kanuni ni mbovu, ama kuna uzi ambao hatukuufunga, na akatuomba turudi tukautafute.

Tulirudi. Tulikaa kwenye ua wa Mzee Asegelile tukimenya maharage mabichi na watoto wa Ambokile, bila kuuliza kitu. Jua lilipofika utosini, akatokea mwanamke upande wa migomba, kitenge amekivuta mpaka kwenye paji la uso, ameinama, na mbele yake binti mdogo amebeba chakula kilichofunikwa jani. Mzee, aliyekuwa amekaa barazani, akageuza kiti chake kikaangalia ukuta. Binti akapita kumpelekea babu yake chakula. Mwanamke akabaki nyuma ya migomba, kwenye kinu cha kutwangia, akaanza kuongea. Hakuwa akiongea na mtu. Aliongea na kinu.

Alikiambia kinu kwamba ndizi za leo zimeiva vizuri lakini chumvi imekwisha chini yote, hata dukani. Kwamba mtoto wa jirani ameugua surua na sasa anaendelea vizuri. Kwamba watu wa chini wamesikia barabara imepewa kijiji jirani, na wengine wamelia. Mzee, ameukabili ukuta wake, akala. Alipomaliza akamwambia kuku aliyekuwa miguuni pake kwamba chakula kilikuwa kitamu, na kwamba hapa juu hakuna mtu aliyekwenda kijiji jirani, huo ni uongo. Mwanamke akachukua chombo kwa mkono wa mtoto, akaondoka.

Huyo alikuwa Tumpe, mke wa Lwitiko. Kwa desturi yao mkamwana na baba mkwe hawaonani wala hawasemezani, maisha yote. Wakikutana njiani, mwanamke anaingia kwenye majani. Sisi tulikuwa tumemwuliza Tumpe kama anazungumza na Mzee Asegelile, na alishtuka, akasema hata kidogo. Tulimwuliza mzee, akasema vivyo hivyo. Wote wawili walisema kweli.

Nilimgeukia Mzee Lugano, nikamwuliza kwa nini hakuniambia tangu mwanzo. Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Ungeniuliza maongezi ningekuambia. Hayo si maongezi. Hiyo ni adabu."

Mama yake mwenyewe alikuwa ameongea na kinu miaka yote, alisema, na haijawahi kumpitia akilini kwamba habari ilikuwa inasafiri. Bwana Helge tulipomweleza alicheka mpaka akakohoa, akachukua uzi wa kijani, kwa sababu mweusi ulikuwa umekwisha, akaupitisha kutoka kikombe cha Tumpe, ukazunguka mguu wa meza badala ya kinu, mpaka kikombe cha mzee. Tukacheza. Kikombe cha mzee kikabaki na mchanganyiko wake. Uzi ule wa kijani ndio pekee ambao haukukatwa na sheria ya pili, maana huwezi kuacha kumsikiliza mtu ambaye rasmi hamzungumzi.

Hapo mngeweza kudhani kazi ilikwisha. Lakini kikombe kimoja chenye mchanganyiko hakibadilishi kijiji, Bwana Helge mwenyewe alituonyesha. Mzee alikuwa anajua yote, na akiyasema kwenye chungu wenzake walimwambia uzee umemlainisha. Aliacha kuyasema.

Mvua zilipoanza, kifua chake kikashuka. Tulikwenda kumjulia hali, si kwa kazi. Tulimkuta amelala ndani, mlango wazi, na wazee wa juu wamejaa uani kuzunguka chungu, Ambokile katikati yao. Habari ilikuwa imefika chini, bila shaka kwa njia ya kinu, lakini Lwitiko hakuwa amekuja. Ambokile alisema kwa sauti kwamba mtu anayethamini lori kuliko baba yake asitafutwe. Wazee wakaitikia. Mmoja akaongeza, mwingine akaongezea la mwenzake, na nikayaona maharage mekundu yakiingia kikombe baada ya kikombe mbele ya macho yangu. Nilijua pia wanapanga nini. Walikuwa wanapanga matanga ya juu.

Tumpe akaja na uji. Binti akaingia ndani nao. Tumpe akasimama nyuma ya migomba, ameupa ua mgongo, akaweka mkono kwenye kinu. Kwa kawaida aliongea kwa sauti ya chini. Siku ile aliipandisha.

"Kinu, mimi kwenye ukoo huu ni wa kuletwa tu, sijui mambo. Ila ninaishi na mtu ambaye kila jioni anashuka mpaka kwenye gogo, anasimama, anarudi. Nikimwuliza, anasema alikwenda kuangalia maji. Maji gani, kinu, yanayoangaliwa kila siku? Anaogopa akivuka watasema amefuata barabara. Barabara ameshaisahau. Anataka kumwona baba yake."

Sikilizeni vizuri hapa, vijana, maana sijaona jambo kama hili tena katika kazi yangu yote. Wazee wale, kwa kuwa ni rika la mzee, nao ni baba wakwe zake; hawakuweza kumjibu, wala kumkatiza, wala hata kumtazama. Angekuwa mtu mwingine yeyote wa chini, neno lake la pili lisingesikika. Yeye alimaliza yote. Walitazama chini, kila mmoja na mrija wake mkononi, wakalazimika kubaki na maneno yale.

Kutoka ndani ikasikika sauti ya mzee, nyembamba, ikiwaambia kuku ambao hawakuwepo kwamba leo uji ni mtamu.

Ambokile alitazama huku na huku. Mtu mkali akiwa hana wa kumkaripia huonekana mdogo. Mwishowe akasogea mpaka karibu na migomba, naye akakisemesha kinu, bila kumtazama shemeji yake.

"Kinu, mwambie aliyekutuma kwamba lile gogo limeoza upande wa kwetu. Kesho asubuhi naweka jipya. Ni zito. Nahitaji mtu wa kulishika upande wa pili."

Asubuhi tulikuwepo. Walilibeba gogo wakiwa hawajasalimiana, mmoja akisema "kushoto" na mwingine "taratibu," mpaka likakaa. Kisha Lwitiko akalipita, wakapanda pamoja kwenda kwa baba yao. Mzee Lugano alijifanya amepata kitu jichoni, na koti lake lile lilikuwa na kazi.

Mzee Asegelile aliishi mpaka mahindi mabichi. Msiba wake ulikuwa mmoja. Ngoma zilipigwa uani pale pale, watu wa chini walipanda na vyungu vyao, na niliona mirija ya pande zote mbili kwenye chungu kimoja. Nisiwadanganye kwamba walipatana kuhusu barabara. Walizozana pale pale msibani, lakini sasa walizozana wakiwa wanaangaliana. Barabara baadaye ilipitishwa pembeni, ikakwepa migomba, na kwa miaka mingi lori lilikwama kila masika, watu wa juu na wa chini wakalisukuma pamoja, wakilitukana kwa kauli moja.

Bwana Helge aliandika makala yake na akaiweka sheria ya tatu, ile ya uzi wa kijani. Alinipa kikombe cha mchungaji, ninakinywea chai hadi leo. Mzee Lugano alinisindikiza kwenye kazi mpaka miguu ilipomkataa. Kila fomu niliyowahi kutunga baada ya hapo, mwishoni baada ya "unazungumza na nani," niliweka swali nililolipata kwenye kinu kile: unampikia nani? Mmekuwa mkiniuliza miaka yote kwa nini swali hilo limo. Msiliondoe.

Siku ya kuondoka kijijini baada ya matanga, Tumpe alitusubiri kwenye gogo jipya, binti yake kamshika kitenge. Alimsalimu Mzee Lugano, halafu akaniambia ana jambo la kuniuliza mimi, kwa sababu mimi ni mtu wa kuja na kwangu hakuna mwiko.

"Wewe ulikaa naye uso kwa uso. Nimempikia tangu nilipoolewa, sauti yake naijua kuliko ya baba yangu. Alikuwaje?"

Nilimweleza kama nilivyoweza. Nilimwambia juu ya masikio makubwa yaliyosimama, na mvi zilizoanzia nyuma, na mwanya. Nikamwambia kwamba kabla hajacheka alikuwa akifumba jicho la kushoto, peke yake, kisha ndipo kicheko kinakuja.

Tumpe akamtazama binti yake. Mtoto alikuwa ananishangaa jinsi ninavyojivuta masikio kumwonyesha mama yake, na bila shaka alinionea kichekesho, kwa sababu jicho lake la kushoto lilifumba taratibu, kisha akacheka.

"Kumbe," Tumpe alisema. "Kumbe nilikuwa namwona."